Mtihani Wafika Kitandani, Mwalimu Je?

Kila mwaka nchini Kenya, wakati wa mtihani wa taifa, wako watahiniwa wanaoandika wakiwa wamelazwa hospitalini. Msimamizi huja, hata askari wa kulinda karatasi huja. Ni jambo jema, nasi tunalisifu. Lakini mtihani ni wa siku chache. Miezi yote ya nyuma, nani alimfundisha mtoto huyo?

Sera ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu imeipa nafasi elimu ya nyumbani. Tunauliza habari za kambi za chai za Kericho. Wachumaji wengi hutoka Nyanza na Magharibi, ambako ugonjwa wa selimundu ni mwingi. Maumivu yakimshika mtoto, shule hana. Mama naye, anayelipwa kwa kilo, akikaa kumuuguza anakosa posho.

Ndugu viongozi wa matawi, huko na hapa kwetu, mnapokaa na mwajiri mnadai buti na makoti ya mvua. Ni haki. Sasa dai hili nalo liingie katika mkataba wa hali bora: mwalimu wa shule ya shambani alipwe saa za kumfuata mgonjwa kambini, na mzazi apewe ruhusa yenye malipo.