KIKUNDI CHA HAMASA: NI TIMU AU NI KELELE ZA PEMBENI TU?

Mpira wenyewe nawaachia wachambuzi, wapo wengi na midomo yao ni mizuri. Mimi leo nataka kuongelea watu ambao timu ikipiga picha wanaambiwa "sogeeni kidogo mtoke kwenye fremu". Wale wanaosimama nje ya chaki na ngoma, filimbi na vitambaa, wanacheza, wanapiga samasoti, wanapandiana mabegani kujenga mnara, ili timu ya chuo ishinde. Vyuoni tunawaita kikundi cha hamasa. Nimekuwa mmoja wao kwa miaka miwili, kwa hiyo nikiandika kwa uchungu mtanivumilia.

Mimi ni binti wa Mgeta. Kwa msiopajua, ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Iringa, Sangasanga unakata kushoto, unapita Mzumbe, halafu unaanza kupanda milima ya Uluguru mpaka masikio yanaziba. Ni baridi, ni kabichi, viazi na njegere, na jumamosi ukikuta gari lenye nafasi mshukuru Mungu. Sekondari yetu haikuwa na timu ya mpira ya kutisha. Uwanja wenyewe ulikuwa mteremko, mpira ukitoka upande wa chini mtu anaufuata bondeni na anarudi nao kipindi cha pili. Tulichokuwa nacho ni ngoma. Watoto wa kule tunazaliwa ngoma zinapigwa, na mwalimu wetu mmoja aliyekuwa na wazimu wa sarakasi akachanganya vyote viwili.

Tulikuwa tunashindana. Mnajua kwenye michezo ya shule, kuanzia chini hadi UMISSETA, mbali na mpira na netiboli kuna kwaya na ngoma pia, na kuna majaji. Sisi tulishuka mjini kwenye Fuso lililobeba kabichi, tumekaa juu ya magunia, ngoma tumezifunika turubai zisilowe ukungu. Tukifika tunapewa dakika zetu saba. Ukiingia pale, uwanja ni wako. Majaji wana karatasi, wanaangalia mavazi, mdundo, ubunifu na mpangilio. Ukikosea hatua moja unaiona kalamu ikiandika. Ukipatia, hakuna mtu mwingine anayeweza kudai sifa ile. Tuliwahi kushika nafasi ya pili na nililia njia nzima hadi Mzumbe, kwa sababu nilijua kosa lilikuwa la mguu wangu.

Nikaingia chuo. Jina la chuo sitalitaja, na wanaonijua naomba wasilitaje pia. Wiki ya tatu waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi akapita anatafuta watu wa hamasa. Nikajua nimepata kile kile nilichokiacha nyumbani. Wapi bwana! Ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Mazoezi ya kwanza nimecheza kama ninavyojua, kiuno na miguu kwa hesabu, nimeangalia mbele palipokuwa na majaji enzi zile. Kiongozi wetu, kaka mmoja wa mwaka wa tatu, akanisimamisha. "Dada, unacheza vizuri sana, tatizo ni hilo. Acha kucheza vizuri, cheza kwa sauti." Nilichukia. Baadaye nikamwelewa. Kwenye mashindano unafanya kazi dakika saba na muziki unakufuata wewe. Pembeni ya uwanja unakaa dakika 90 na wewe ndiye unayeufuata mchezo. Kipa wetu akiwa chini anatibiwa, ngoma inanyamaza. Wapinzani wakipata kona, unajaza kelele. Ukipiga samasoti wakati timu yako inaenda kufunga, umewafanya watu 300 wakuangalie wewe badala ya goli, na hiyo ni dhambi. Tena unaweza kucheza siku hiyo kuliko siku zote za maisha yako na timu ikapigwa tatu bila. Hakuna atakayekumbuka ulicheza nini.

Na bado nilipenda. Nisiwadanganye. Kuna jambo linatokea ambalo kwa majaji halipo kabisa: jukwaa zima linaanza kuimba kwa mdundo ulioanzisha wewe, na beki aliyechoka anageuka, anakuona, anakimbia tena. Sasa sijui hapo tuseme nani ameshinda.

Tatizo lilikuja jumamosi moja kwenye mechi ya ugenini. Mnara wetu ulikuwa wa ngazi tatu, ule ule tuliokuwa tunaupanda Mgeta. Tofauti ni kwamba kwenye mashindano kule tulikuwa na magodoro ya bweni yamepangwa chini, na mwalimu amesimama nyuma na mikono juu. Pale uwanjani chini ni udongo mkavu kama sakafu, na nyuma yetu kuna mashabiki wanaosukumana. Timu ikafunga, watu wakaingia, mnara ukaondoka. Rafiki yangu aliyekuwa juu akaangukia mkono. Kifundo kikavunjika.

Hospitali alitibiwa kwa kadi yake ya bima ya mwanafunzi, hilo lilikwenda. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nifikirie. Jumatatu kulikuwa na mtihani wa katikati ya muhula na mkono wa kuandikia ndio huo kwenye plasta. Wachezaji waliokuwa safarini walipewa barua ya kufanya mtihani baadaye. Yeye akaenda ofisini, nikamsindikiza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jina lako silioni kwenye orodha ya timu."

"Mimi nilikuwa hamasa, mwalimu."

"Hamasa ni hiari yenu. Orodha ni ya wachezaji."

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole kabisa. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa na majina ya wachezaji, kocha na dereva. Dereva yumo, wadau! Sisi kumi na nane tuliokaa kwenye basi lile lile hatukuwemo. Mwenzangu akaishia kurudia somo.

Tangu hapo nimekuwa nasoma habari za wenzetu wa Marekani, wale machialida mliowaona kwenye filamu ya Bring It On ya mwaka 2000. Nilidhani wao wamemaliza shida hii zamani. Kumbe nao wana mstari huo huo unaogawa mashindano na pembeni.

Kwao ushangiliaji ulianzia pembeni kwanza. Novemba 1898, Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi mmoja aitwaye Johnny Campbell aliongoza mashabiki kuimba kwa pamoja kwenye mechi. Ilikuwa kazi ya wanaume, wasichana waliingia miaka ya 1920. Mashindano yakaja baadaye sana, na siku hizi kuna klabu binafsi ambazo hazishangilii timu yoyote. Zinafanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya onyesho la dakika mbili na nusu mbele ya majaji, juu ya sakafu yenye springi na mpira laini. Binti aliyekulia kwenye klabu hizo akiingia chuo na kujiunga na washangiliaji, anakutana na mambo yale yale niliyokutana nayo mimi. Anaiacha sakafu ya springi anasimama kwenye mbao za uwanja wa kikapu au kwenye nyasi. Muziki uliorekodiwa haupo, kuna bendi na sauti yake. Anajifunza kushika bango, kuangalia saa ya mchezo, na kujua lini ashangilie ulinzi na lini mashambulizi. Kuna vyuo vinavyofanya vyote viwili, vinashangilia msimu mzima halafu aprili vinaenda kushindana Daytona, Florida. Lakini kwa wengi maisha ya chuo ni ya pembeni.

Na pembeni ndiko waliko na historia ya kuanguka. Machi 2006, fainali ya kikapu kule St. Louis, mshangiliaji wa Southern Illinois alianguka kutoka juu ya piramidi, kichwa kikatangulia. Alivunjika mfupa wa shingo. Wakati anatolewa kwa machela bendi ikapiga wimbo wa chuo, na yeye akiwa amefungwa pale akaanza kufanya ishara za mikono za ule wimbo. Ukumbi mzima ulisimama. Wengi waliiona kama hadithi ya ujasiri. Mimi nikisoma nilijiuliza mambo mengine: ilikuwaje piramidi ile ilikuwa juu ya mbao tupu? Hata wao walijiuliza, maana baada ya hapo minara mirefu na kurushana kwenye sakafu ngumu bila godoro vilipigwa marufuku kwenye mechi za kikapu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliokuwa wakihesabu majeraha mabaya kabisa ya michezo kuanzia 1982, kwa zaidi ya miaka 25, walikuta kwa wasichana wa sekondari zaidi ya 60 kati ya kila majeraha 100 ya aina hiyo yametoka kwenye ushangiliaji. Sio mpira, sio sarakasi za jukwaani.

Halafu sheria nayo. Mwaka 2009 chuo kimoja cha Connecticut, Quinnipiac, kilitaka kufuta timu ya voliboli ya wanawake na kuhesabu timu ya ushangiliaji wa mashindano badala yake. Wachezaji wa voliboli wakaenda mahakamani wakashinda. Jaji alisema ushangiliaji wa mashindano, kwa jinsi ulivyopangwa wakati ule, bado haujafikia kuhesabiwa kama mchezo. Ona hapo: hata wale wenye majaji na alama walikosa. Wa pembeni je? Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitambua rasmi shirikisho la ushangiliaji la dunia mwaka 2021, lakini linalotambuliwa pale ni la mashindano. Aliyesimama nje ya chaki anabaki shabiki mwenye sare.

Sasa kuna mtu atasema haya ni ya Wazungu. Hapana. Sisi tumekuwa na ngoma za mashindano kabla hata ya kuujua mpira vizuri. Pwani yote ilikuwa na beni, vyama vya Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa gwaride, sare na tarumbeta enzi za Mjerumani na Mwingereza. Usukumani hadi leo kuna Bagika na Bagalu, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hapo hakuna jaji wa karatasi, umati ndio jaji. Huo ni mpangilio mzuri kweli, maana mchezaji hapotezi chochote kwa kuwa karibu na watu.

Kilichotokea baadaye, kwa maoni yangu, ni kwamba ngoma zetu nyingi zilisogezwa pembeni. Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962 akisema utamaduni ndio roho ya taifa, na alikuwa sahihi. Lakini taratibu tukazoea kuikuta ngoma uwanja wa ndege na kandokando ya barabara, inamsubiri mgeni rasmi. Saa nne juani, mgeni anapunga mkono dakika moja, wachezaji wanapewa soda na tisheti. Sisemi kumpokea mgeni ni vibaya, bibi yangu mwenyewe kacheza na alifurahi. Nasema tulimgeuza mchezaji kuwa pambo, na pambo halina jina kwenye orodha.

Mbona kwenye pesa hamasa inathaminiwa? Angalieni Simba na Yanga. Simba Day na Wiki ya Mwananchi ni nini kama sio hamasa iliyogeuzwa biashara? Agosti 2025 tulipokuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, Stars ilimfunga Burkina Faso 2-0 kwa Mkapa, na kila mtu alisifia shangwe. AFCON ya 2027 nayo imepewa nchi hizi hizi tatu. Vikundi vya ngoma na vya vyuo vitatafutwa tena, na simu zitapigwa siku mbili kabla. Nani ataulizwa kama sehemu ya kurukia ina godoro?

Ninachotaka si kikubwa na hakihitaji bajeti ya wizara. Ofisi za michezo vyuoni ziandike kikundi cha hamasa kwenye orodha ya safari, majina yote, kama wachezaji. Wakiandikwa, barua ya mtihani inawahusu. Awepo mtu mzima mmoja anayejua sarakasi, mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna mnara. Pasipo na godoro watu wabaki chini, ngoma na sauti zinatosha, yule kaka wa mwaka wa tatu alishaniambia. Na tukikaa na mashabiki nyuma yetu iwekwe kamba. Kamba ya katani tu, ile ya kufungia magunia ya viazi.

Wapo watakaosema mkitaka kuhesabiwa nendeni mkashindane, mna majaji wenu. Nimeshafika huko. Nilipewa cheti na kipo nyumbani Mgeta kwenye sanduku la mama. Sikuja pembeni kwa kukosa pa kwenda, nilikuja kwa sababu timu ilinihitaji na iliniomba.

Mwenzangu plasta imetoka, mkono unauma kukiwa na baridi. Nilimuuliza juzi kama atarudi muhula ujao. Akasema atarudi, ila atapiga ngoma, juu hapandi tena mpaka jina lake liwe juu ya lile la dereva.

Naomba kuwasilisha. Mliopo hamasa vyuo vingine, kwenu orodha ikoje?