Mtoto msichana akimbie ao asikimbie?



Alhamisi ya juma lililopita tulipokea mama mmoja kwenye masomo, saa ya mapumziko. Hakuja juu ya minervali, wala juu ya pointi. Alikuja na ombi moja tu: tumtoe binti yake katika wale wanaokimbia. Mtoto ana miaka 13, yuko mwaka wa 7. Tangu mwezi wa kwanza anakimbia na wenzake kila Jumatano na Jumamosi asubuhi, na kwa kweli ana mbio: vijana wengi wanabaki nyuma yake wakitafuta pumzi. Mama alisema polepole, kwa heshima, kama mtu aliyewaza usiku mzima: "Mwalimu, huyu sasa ni mwanamke. Akikimbia-kimbia hivi, tumbo litaharibika. Kesho akikosa mtoto kwenye ndoa, mtaniambia nini?"

Hatukucheka. Sisi wote tunajua mwanamke asiyezaa anavyosemwa katika familia ya bwana wake, na anavyosemwa hata pale penye kuchota maji. Ulizo la mama huyo lina haki ya kupata jibu. Na kwa kuwa tunajua si yeye peke yake anayeliuliza, tunalijibu hapa mbele ya wote.

Kwanza tuseme hivi: woga huu si wa Kindu peke yake. Kule Marekani kuna mji unaoitwa Boston. Wao wana majira ya baridi kali. Theluji ikiisha na majani yakianza kuchipuka, katika mwezi wa 4, wanakimbia mbio za kilometa 42 ambazo zilianza mwaka 1897. Njia inaanzia mji mdogo wa Hopkinton, inapita kati ya miti na nyumba za watu, na karibu na mwisho, miguu ikiwa imekwisha kuchoka, inapanda vilima vya Newton kimoja baada ya kingine. Cha mwisho wamekiita Kilima cha Kuvunja Moyo.

Kwa miaka zaidi ya 70 mbio hizo zilikuwa za wanaume tu. Sababu waliyoitoa ni ile ile ya mama wetu: mwili wa mwanamke hauwezi, na tumbo la uzazi litaharibika. Mwaka 1966 dada mmoja, Bobbi Gibb, aliandika barua kuomba nafasi, wakamkatalia. Alikwenda kujificha kwenye vichaka karibu na mahali pa kuanzia, wanaume walipoondoka akaingia kati yao, akafika mwisho na kuacha wengi wao nyuma. Mwaka uliofuata, Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za kwanza za majina yake, hivyo hawakujua ni mwanamke, wakampa namba 261. Mkubwa mmoja wa mbio alipomwona njiani, alimrukia ili amnyang'anye ile namba kifuani. Hakufaulu, na dada akamaliza. Ruhusa kamili kwa wanawake ilitoka mwaka 1972. Katika Michezo ya Olimpiki, marathoni ya wanawake ilianza mwaka 1984 tu, kule Los Angeles. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu, wamama wetu walikuwa tayari wasichana wakubwa siku hiyo.

Basi matumbo ya hao wanaokimbia yamekuwaje? Tuangalie jirani zetu wa Kenya, ambao wengi wao wanasema Kiswahili kama sisi. Catherine Ndereba alizaa binti yake mwaka 1997, kisha akashinda Boston mara 4: mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005. Edna Kiplagat alishinda mwaka 2017 akiwa na miaka 37, na alikuwa mama wa watoto. Hellen Obiri alizaa binti mwaka 2015, akashinda vilima vile vile mwaka 2023 na tena mwaka 2024. Wamama hao wamekimbia toka usichana wao, kilometa nyingi kwa juma kuliko zile ambazo binti zetu wanakimbia kwa mwezi, na wamezaa.

Tumbo la uzazi halining'inii kama embe kwenye tawi, lianguke mtu akiruka. Limeshikwa vizuri na mishipa na nyama, ndani ya mifupa ya kiuno. Kuna mambo yanayoliharibu kweli, na tuyataje bila haya: magonjwa ya zinaa yasiyotunzwa, mimba zinazotolewa kwa siri, na kuzaa kabla mwili haujakomaa. Msichana wa miaka 14 ao 15 anaweza kukaa kwenye uchungu siku mbili, tatu, mtoto akafa ndani, naye akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila kujizuia. Sheria ya nchi yetu inakataza ndoa kabla ya miaka 18. Lakini tunaona mtoto anakatazwa kukimbia ili tumbo lilindwe, na mwaka unaofuata ndugu wanapokea mahari yake. Hapo tumelinda kitu gani?

Kuna jambo lingine tulilomuuliza mama yule. Asubuhi binti huyo huyo anateremka kuchota maji na bidoni ya lita 20. Lita 20 ni kilo 20. Anapanda nayo juu ya kichwa, shingo imekaza, miguu inateleza kwenye udongo, na pengine anarudi mara ya pili kabla ya masomo. Je, kuna mtu mtaani aliyewahi kusema bidoni itaharibu tumbo lake? Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Maji ni lazima." Ni kweli, maji ni lazima. Lakini mwili unaoweza kupanda na kilo 20 unaweza pia kupanda mtupu, na furaha juu yake.

Boston ni mbali. Tusogee karibu. Katika milima ya Pokot, magharibi ya Kenya, alizaliwa mwaka 1973 msichana mmoja, Tegla Loroupe. Masomo yalikuwa mbali, karibu kilometa 10, naye alikwenda akikimbia, bila viatu. Baba yake hakutaka kusikia habari ya mbio kwa mtoto msichana. Mwaka 1994 binti huyo alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuishinda. Mwaka 1998, kule Rotterdam, akawa mwanamke mwenye mbio kuliko wote duniani katika marathoni. Kisha alirudi nyumbani. Tangu mwaka 2003 alianzisha mbio za amani kule Kapenguria, ambamo watu wa Pokot, Turkana, Marakwet na Karamoja, waliozoea kunyang'anyana ng'ombe kwa bunduki, wanakimbia pamoja katika vilima vile vile walivyokuwa wakiviziana. Sisi wa Maniema, tuliopokea wakimbizi ndani ya parsela zetu mara ngapi, tunajua thamani ya kazi kama hiyo. Mwaka 2016 ndiye aliyeongoza timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, na katika ile timu ya watu 10 walikuwamo Wakongomani wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote watoto wa Bukavu.

Na karibu na sisi kuna mbio za Kilimanjaro, kule Moshi, Tanzania, zinazofanyika mwisho wa mwezi wa 2 ao mwanzo wa mwezi wa 3, kabla ya mvua za masika. Wanaondoka asubuhi mapema, wanapanda kuelekea Mweka kati ya migomba na mashamba ya kahawa, na mlima wenyewe, mita 5,895, unawaangalia. Wenye nguvu wanakimbia kilometa 42, wengine 21. Lakini kinachotupendeza zaidi sisi ni zile kilometa 5 za watu wote: mama na mtoto, mzee, mwanafunzi, mwenye kukimbia na mwenye kutembea. Pale hakuna anayeulizwa kwa nini amekuja.

Sasa tuseme makosa yetu, maana mwalimu asiyesema makosa yake hafundishi. Mwaka uliopita sisi wenyewe tuliwakimbiza watoto saa sita ya mchana, kwa sababu ndiyo saa iliyobaki kwenye ratiba. Jua la Kindu mnalijua. Msichana mmoja alianguka. Tulipomuuliza, kumbe hajala tangu jana jioni, na alikuwa amechota maji mara mbili. Alipona, Mungu asifiwe, lakini sisi tulibaki na haya. Kwa hiyo mama anayekuja kuuliza si adui wa michezo. Ana haki ya kuweka masharti, na haya ndiyo tunayoona yafaa.

Mtoto akimbie asubuhi mapema, si mchana. Ale kitu kabla, hata kipande cha muhogo ao ndizi, na anywe maji kabla na baada. Siku ya homa asikimbie. Apimwe malaria kwanza. Mtoto wa SS asilazimishwe hata kidogo, maana kuchoka sana na kukosa maji kunaweza kumletea maumivu makali. Daktari wake ndiye aseme afanye mchezo gani na kwa kiasi gani. Siku za hedhi anaweza kukimbia kama anajisikia vizuri, na kama hajisikii, neno lake lipokelewe bila kumuuliza mbele ya vijana. Na kama hedhi imekatika miezi kadhaa, kwanza tuhakikishe si mimba, kisha tujue kwamba anayekimbia sana na kula kidogo mwili wake unaweza kuifunga. Hiyo ni alama ya njaa: aongezewe chakula na aende kituo cha afya.

Juu ya mavazi: suruali ndefu na mtandio havimzuii mtu kukimbia, mradi apumue vizuri. Familia yenye sharti lake ilitaje, sisi tutaliheshimu. Juu ya njia: wasikimbie kamwe mmoja mmoja. Waende kundi moja, na mtu mzima awafuate kwenye kinga hadi wa mwisho. Hofu ya njiani ni hofu ya kweli kuliko ile ya tumbo, na tusiifiche.

Tunaleta basi wazo mbele ya kamati yetu. Kila mwaka, tarehe 8 ya mwezi wa 3, tunatafuta feza ya kikwembe, wengine wanakopa, kisha tunasimama kwenye jua kungojea zamu ya kupita mbele ya wakubwa. Hatusemi tuache. Tunasema Jumamosi inayotangulia, saa kumi na mbili ya asubuhi, tufanye kilometa 5 zetu, kutoka mtoni kupanda na kurudi. Wenzetu wa Alunguli wavuke na mitumbwi ya kwanza. Mama aje na binti yake. Mwenye kukimbia akimbie, mwenye kutembea atembee. Hakuna kikwembe cha kununua, viatu ni vile ulivyo navyo. Tunahitaji tu wamama wawili wa maji, wawili wa kinga, na muuguzi mmoja.

Mnataka kujua ya mama yule? Jumamosi alikuja. Hakutuambia ndiyo, hakutuambia hapana. Alikaa pembeni kwenye jiwe, na mfuko juu ya magoti. Watoto walipita mara ya kwanza, akaangalia. Walipopita mara ya pili, binti yake mbele, alisimama. Walipomaliza alifungua mfuko: ndani mlikuwa chupa ya maji na muhogo wa kuchemsha. Alimwambia mtoto: "Kunywa kwanza." Kisha akatugeukia sisi: "Hiyo Jumamosi ya kilometa 5, mimi nitatembea tu. Nani atakaa na maji?"

Tunangojea majina yenu kwenye mkutano wa Jumatano.