Kadi za Wachezaji: Mgongo Usiachwe Mtupu

Mnamo 1952 kampuni ya Topps ya Marekani ilitoa kadi za besiboli zenye picha ya mchezaji upande wa mbele, na wasifu pamoja na takwimu zake upande wa nyuma. Hadi leo mashabiki hubuni kadi zao wenyewe kwa kuiga mtindo huo wa kale.

Uraibu huu wafaa kupandwa Migori na Homa Bay, penye wapenzi wengi wa kandanda. Gor Mahia, timu iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Homa Bay, ilitwaa Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka 1987 kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia: 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi. SoNy Sugar ya Awendo, Migori, ilikuwa bingwa wa ligi kuu mwaka 2006.

Kwa simu tu, kijana aweza kumchorea nahodha wa 1987, Austin Oduor, kadi ya mtindo wa 1952. Hata hivyo, anayeiga sura na kuacha mgongo mtupu amebuni pambo, si kumbukumbu. Wazee walioshuhudia mechi hizo wangalipo, na wengi watasimulia kwa Dholuo. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kuwasikiliza, kisha kuandika mgongoni kwa lugha atakayoielewa pia shabiki wa Kisii na Mombasa. Istilahi zipo tayari: mlinda lango, kiungo, mshambuliaji. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.