Chombo ni cha Wote, na Ufa ni wa Wote

Mnamo Mei 2008 kisiwa cha Unguja kiliingia gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikaingia tena kwa kiasi cha miezi mitatu. Waliokuwapo hawajasahau mabomba makavu na ngurumo za jenereta madukani. Kebo yetu ilikuwa ikipita chini ya mkondo wa bahari ulio karibu, lakini sehemu kubwa ya ujuzi na vifaa vya kuitengenezea ilibidi ingojwe kutoka ng'ambo.

Tangu hapo yamefanyika mengi ya kushukuriwa. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa kebo mwaka 2010, na Unguja ikapata kebo mpya ya megawati 100 mwaka 2013. Hata hivyo, giza lile lilituachia swali ambalo shaba peke yake haiwezi kulijibu: kifaa tunachokitegemea kinapoharibika, ni nani miongoni mwetu mwenye haki na ujuzi wa kukifungua? Leo tunaliuliza swali hilo juu ya chombo kidogo kisichoonekana kwa macho, nacho ni programu ya kompyuta inayoigiza saketi za umeme.

Tupande kwanza hadi Mlola, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ndani ya mkoa ule ule wa Tanga ambako kebo ya Pemba huanzia. Kijana wa huko anayetaka kujifunza elektroniki hana duka la transista jirani. Akiunguza moja, kupata nyingine ni safari ya kuteremka milima. Mwenzake wa Micheweni naye yuko mbali na duka vivyo hivyo. Kwa vijana kama hawa programu ya kuigiza saketi ni neema kubwa: mtu huchora betri, rezista, kapasita na transista kwenye kioo cha kompyuta, nayo programu humwonyesha volti na mkondo wa umeme mahali popote atakapo, kabla hajagusa waya wala kuunguza kitu.

Mzizi wa programu nyingi za aina hii ni SPICE, iliyotangazwa mwaka 1973 na Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Chuo hakikuifungia kabatini. Kiliigawa pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kutokana na ukoo huo ikazaliwa ngspice, ambayo ni programu huria, na tangu mwaka 2018 inafanya kazi ndani ya KiCad, programu huria ya kuchorea saketi iliyoanzishwa Ufaransa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Zote mbili kijana wa Mlola anaweza kuzipata bila kulipa senti, na kuusoma msimbo wake wote.

Lakini hakuna chombo cha mwanadamu kisicho na ufa. Mwanafunzi hubonyeza kitufe akitaraji jibu, mara programu yote ikazimika na kazi ambayo hakuihifadhi ikapotea. Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili.

La kwanza ni saketi isiyo na jibu. Wakulima wa Usambara wanaomwagilia mboga kwa mifereji watalielewa upesi. Kwenye panda ya mfereji, maji yanayoingia hayana budi kuwa sawa na yanayotoka, na umeme nao hufuata kanuni hiyo hiyo, iliyoelezwa na Kirchhoff mwaka 1845. Programu huandika hesabu ya kila panda, kisha huzitatua zote kwa pamoja. Mtu akichora kipande cha saketi kisicho na njia ya kwenda ardhini, volti yake haiwezi kujulikana, na hesabu hugoma. Programu njema humwambia mwenyewe mahali penye kasoro. Hapo wa kurekebishwa ni mchoro.

La pili ni programu yenyewe kufa bila kusema neno. Mara nyingi chanzo chake ni kidogo: msimbo huenda kuchukua kitu katika kumbukumbu ya kompyuta bila kuuliza kwanza kama kitu hicho kipo, mathalani matokeo ya saketi ambayo bado haijapakiwa. Kompyuta huiona programu inagusa pasipo pake, na huikatiza papo hapo. Dawa yaweza kuwa mstari mmoja tu wa msimbo: uliza kwanza, ndipo uchukue.

Ni mstari mmoja, ila kuufikia kwataka nidhamu. Fundi huanza kwa kuipunguza saketi iliyoleta balaa, akiondoa kipande kimoja kimoja, hadi abaki na saketi ndogo kuliko zote ambayo bado inaiangusha programu. Huandika toleo la programu na aina ya mashine. Hufuatilia hatua za mwisho za msimbo kabla ya kuanguka. Akishaziba ufa, ile saketi ndogo huihifadhi iwe mtihani wa kudumu, ili kila toleo jipya lipimwe nayo na ufa usirudi. Mwisho huirudisha dawa kwa wenye kuitunza programu, naye aliye Lima au Jakarta hunufaika kwa jasho la Mlola.

Sisi wa visiwani desturi hii hatuhitaji kufundishwa upya. Imamu akiteleza katika kisomo, maamuma aliye nyuma yake humkumbusha, hata kama ni kijana mdogo, na hakuna anayeona kwamba amevunjiwa heshima. Msahafu uko wazi mbele ya wote, basi kusahihishana ni wajibu wa wote. Programu ambayo msimbo wake umefichwa humnyima mtumiaji nafasi hiyo, hata awe na elimu kiasi gani. Atalipa, ataripoti, kisha atangoja.

Wapo watakaosema kwamba serikali inunue programu za kulipia, na mambo yaishe. Hatukatai kununua pale inapolazimu. Lakini leseni huisha, na ikiisha chuo hubaki na kompyuta zisizo na kazi, ilhali ujuzi wa kutengeneza hauishi kwa kutumiwa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikukusudia jembe peke yake. Nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuonyesha njia mwaka 2004, walipoitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyozungumza Kiswahili.

Kwa hiyo tunazo rai tatu kwa wakuu wa elimu wa pande zote mbili za Muungano. Kwanza, vyuo vya ufundi na shule zenye kompyuta zifundishe saketi kwa programu huria. Pili, kila mwanachuo wa elektroniki au kompyuta, kabla hajahitimu, atafute kasoro moja ya kweli katika programu anayoitumia, aitengeneze au angalau aieleze kikamilifu, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake. Tatu, maelezo ya kasoro na dawa zake yaandikwe pia kwa Kiswahili, yasomwe Mlola na Micheweni bila mkalimani.

Na kwa viongozi wenzetu tunaongeza neno moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana anayekuja ofisini kusema kwamba chombo fulani kimeanguka, akiwa ameandika kimeangukaje, asionekane mkorofi. Huyo ndiye fundi tutakayemtafuta kwa taa siku ufa utakapokuwa ukuta mzima.