Visanduku vitatu, kitabu hakuna

Ukiingia stendi ya Nyegezi na begi lako, wapiga debe watatu wanakuuliza kwa mpigo: "Unaenda wapi?" Swali ni moja, ila kila mmoja analijua basi lake tu. Tovuti nyingi za vyuo vyetu ndivyo zilivyo. Juu kulia kuna kisanduku kimeandikwa "Tafuta". Shuka katikati ya ukurasa, kingine, "Tafuta". Ingia maktaba, cha tatu, nacho "Tafuta". Mwaka wa kwanza anaandika jina la kitabu kwenye kile cha juu, anaambiwa hakuna matokeo, anaamini chuo hakina kitabu hicho. Kumbe kipo rafuni. Kisanduku alichotumia kinatafuta matangazo na habari za mahafali tu.

Chanzo hakijajificha. Vyuo vingi nchini vinatunza katalogi ya vitabu kwenye Koha na tasnifu kwenye DSpace, programu iliyoanzishwa na MIT na Hewlett-Packard mwaka 2002. Kila programu inakuja na kisanduku chake, na tovuti yenyewe ina cha kwake. Vyote vinabandikwa, basi.

Wakubwa nao walipita huko. Firefox kwa miaka mingi ilikuwa na sehemu mbili juu, moja ya anwani na moja ya kutafutia. Google Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na moja inayofanya yote mawili, na mwaka 2017 Firefox ikafuata. Wikipedia ilitoa kisanduku chake pembeni kushoto ikakipeleka juu kulia mwaka 2010. Mwaka 2023 toleo la Kiingereza likakisogeza tena karibu na nembo na kukipanua. Kuna mahali hata hakihitajiki. Matokeo ya NECTA tumeyasoma kwa orodha ya shule zilizopangwa kwa herufi, na nani alipotea?

Wapo watakaosema, we tumia Google. Sawa, lakini Google haijui kama nakala ya kitabu imeazimwa au ipo. Na kila ukurasa unaofunguliwa bure unakula bando, bando lenyewe la kusubiria bumu.

Ninachotaka ni kisanduku kimoja juu, kinachoonekana kwenye simu bila kufungua menyu, kinacholeta vitabu, tasnifu na matangazo pamoja, kila kundi na kichwa chake. Najua kuunganisha mifumo mitatu kuna gharama. Basi, wakati tunasubiri, yabadilishwe maneno tu: kimoja kiandikwe "Tafuta kitabu maktaba", kingine "Tafuta tasnifu", na kile cha juu "Tafuta matangazo". Hiyo yaani haihitaji bajeti wala kamati, na mtu wa kompyuta anaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Serikali ya wanafunzi iipeleke kwa uongozi muhula huu, kabla wapya hawajaripoti.