Siasa za Ofisini na Mizani ya Pamba

Watahiniwa wengi wakiulizwa kinachokwamisha biashara huandika: mtaji mdogo, barabara mbovu, kodi kubwa. Wachache hutaja siasa za ofisini, yaani mivutano ya watu kazini kuhusu nani aamue, nani aajiriwe na nani akaguliwe. Kwa maoni yangu hoja hiyo ingetangulia, na historia ya pamba hapa Kanda ya Ziwa inaiunga mkono.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja kwenye mizani. Wakaweka watu wao wa kuhakiki uzito. Vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, likiongozwa na Paul Bomani. Baada ya miaka michache shirikisho lilikuwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Mnunuzi mpunjaji akaondoka. Waliobaki ndani je? Mwaka 1966 iliundwa Kamati Maalumu ya Rais kuchunguza ushirika nchini. Pamoja na mengine ilikuta ajira za kindugu, wizi, na wanasiasa kuingilia kazi za watendaji. Muda si mrefu Serikali ikachukua uendeshaji wa shirikisho, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa, ingawa si kwa sababu hizo peke yake.

Fikiria hatua za kazi yenyewe: kupima, kuandika stakabadhi, kulipa, kusafirisha, kuchambua. Karani wa mizani akiwa shemeji wa katibu, nani atathubutu kudai daftari lake?

Wapo wasemao siasa za ofisini zikomeshwe kabisa. Sikubaliani nao. Hata wale wakulima waliosimama kwenye mizani walikuwa wakigombea madaraka, ila waligombea hadharani, kila mtu akiona jiwe na gunia. Kinachohitajika ni utaratibu: mpimaji asiwe mlipaji, mkaguzi asiteuliwe na anayekaguliwa, na mabishano yaletwe kikaoni yaandikwe kwenye muhtasari.

Tazama hata duka la shule yenu. Mwenye ufunguo wa stoo akiwa ndiye huyohuyo anayeandika mauzo, manung'uniko yataanza kabla muhula haujafika katikati.