NENO NA MATUMIZI YAKE: "NAFUU" SI "KUPONA"

Neno "nafuu" asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa neno "manufaa". Katika Kiswahili lina matumizi makuu mawili. La kwanza ni la sokoni: bei nafuu ni ile isiyomlemea mnunuzi. La pili ni la kitandani: mgonjwa aliyepata nafuu ni yule ambaye maumivu yake yamepungua. Kote kuwili mzigo umepungua, haukuondoka. Bei nafuu bado hulipwa, na mwenye nafuu angali mgonjwa.

Tofauti hiyo ni ndogo kamusini, lakini ni kubwa katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zama za Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakawa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini kufikia mwaka 2023 walikuwa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili huwaunganisha wengi wao sokoni na bombani. Zahanati, hata hivyo, ina Kichewa na Kiingereza pia, na mara nyingine maneno ya mgonjwa hupita kinywani mwa jirani au mtoto wa shule.

Na tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa malaria. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto ameomba uji. Mama akiulizwa hali, hujibu, "Ana nafuu." Mkalimani akisema kwa Kichewa "wachira", amekwisha kumponya mtoto kwa ulimi, kwani "kuchira" ni kupona. Angesema "wapezako bwino", angekuwa karibu zaidi na maana ya mama.

Kosa hilo si la sarufi tu. Dawa mseto ya malaria itumikayo sana humezwa mara 2 kwa siku kwa siku 3, yaani dozi 6. Nafuu huja mapema kwa sababu vimelea vingi vimekwisha kufa. Vilivyosalia huweza kuzaliana upya dawa ikikatizwa. Vidonge vilivyowekwa akiba kwa homa ya mwaka ujao ndivyo vinavyoirudisha homa wiki ijayo.

Kwa hiyo yafaa kila mzazi aseme mambo mawili pamoja: "Ana nafuu, lakini hajapona, dawa bado zipo." Mgonjwa apelekwaye hospitali ya Lilongwe, ambako huenda jirani wa kumtafsiria asiwepo, na ajifunze sentensi hiyo kwa Kichewa kabla ya kupanda gari.

Nafuu ni neema, na mwenye kuipata ashukuru. Lakini asiifanye ruhusa ya kuacha dawa.